Nzige kwa Futi Elfu Kumi na Moja

Jumapili, 13 Aprili 1975

Leo nililala saa nzima muchana. Saa nzima! Mama Nkandu, mama ya bwana yangu Donat, alimubeba mutoto Ngosa mu mugongo, akaenda naye kwa jirani, akaniacha. Niliamuka bila kujua kama ni asubui ao mangaribi, robe, nguo yangu yote, imelowa maziwa.

Mama Nkandu alikuya toka Kasungami wakati Ngosa alizaliwa. Wiki saba sasa. Anasema atarudi ku shamba yake siku ataona miye pia ninanenepa. Basi tutakaa naye sana.

Kisha misa Donat alikaa pa mulango na Mimi, mutoto wetu wa kwanza. Kila siku ya Mungu ni vile, mutoto anapanda pa magoti ya baba yake na anauliza: ulikutana na nani huko juu? Sawa vile baba anatembea mu avenue na kusalimia bantu. Leo alikuwa buibui. Futi elfu tisa, hakuna muti, hakuna ukuta, na buibui mudogo anapita na kamba yake, anasafiri bila tikiti. Mimi akauliza kama baba alimupungia mukono. Donat akasema: yeye iko na mikono munane, miye nilikuwa na usukani, nani aanze?

Ku mvua ya kwanza ni kumbikumbi, zinapanda mupaka zinapasuka pa kioo ya avio, ile ndege anarusha. Wakati ya jua ni korongo. Wanazunguka mu hewa ya moto bila kupiga bawa, miguu mirefu nyuma, wanamuangalia Donat mu dirisha sawa mukaguzi wa masomo. Hawatoki mu njia. Yeye njo anatoka.

Mimi iko na miaka tano, anaamini yote. Miye niko na makumi mbili na ine, ninaamini pia. Bwana yangu ni pilote tangu miaka ine na sijapanda avio hata siku moja. Ninafua shemizi zake nyeupe, mashati ya kazi. Njo safari yangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Ngosa iko na homa. Hanyonyi muzuri. Kesho Donat anapeleka directeur, mukubwa wa kazi yake, Kalemie, watalala huko siku mbili. Sipendi.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ndefu. Niandike kwa mupango.

Asubui sana nilipeleka mutoto ku dispensaire. Masela, muuguzi wa pale, alimuangalia, akanipa sirop, akasema ni malaria, nimupe na ningoje. Kungoja! Kutoka pale, barabara ya Luano, kiwanja ya avio, iko mbele kabisa, na miguu yangu ikaenda bila kuniuliza.

Constantin, mécanicien wao, njo alinifungulia. Akasema: shemeji, leo umeleta pilote wa pili? Donat alikuwa anaangalia magurudumu. Nikamuambia homa imepanda. Usilale Kalemie. Rudi leo. Nilisema kwa nguvu, mutu na homa ya mutoto hasemi polepole. Na Citoyen Mwenze, directeur, alikuwa anashuka mu gari yake, na muntu wa radio alisimama pale na kikombe ya kahawa.

Donat aligusa kichwa ya Ngosa na mugongo ya mukono. Akasema: "Mama Mimi, avio haiko yangu." Akapanda.

Nilirudi nyumbani Ruashi na haya. Nikatoa sirop. Saa tano homa ikaanguka, sawa muntu amefunga moto. Ngosa akanyonya mupaka akachoka. Na wakati ninakaa pale, ninasikia avio. Ninajua sauti yake, motere ya kushoto inakohoa mbele ya kunyamaza. Nikasema hapana, bado kabisa.

Saa sita na nusu Donat anaingia, uso sawa majivu, kopo ya maziwa mu mukono.

Hii njo alieleza. Directeur alilala tangu kuruka, gazeti pa uso, kama kila mara. Walipita muto Lufira, walifika karibu na mulima ya Kundelungu, futi elfu kumi na moja. Donat akaona korongo. Juu sana, juu kuliko siku zote, wengi, na hawazunguki tu, wanakula. Nyuma yao moshi nyekundu. Akafikiri banachoma pori. Lakini chini majani ni mabichi, mvua haijaisha, na moshi haina moto. Kisha: tak. Tak, tak, tak. Nzige! Kwa wakati ya kuhesabu mupaka tano kioo ikawa nyeusi. Motere ya kuume ikaanza kupata moto. Hakuona mwisho yake juu, hakuona mwisho yake pembeni. Akageuka.

Directeur aliamuka wakati magurudumu iligusa chini. Akavaa kofia, akashuka, akanyoosha mukono kwa kusalimia wakubwa wa Kalemie, na akashika mukono ya Constantin, na ndoo.

Donat aliponieleza hii nilicheka mupaka Mama Nkandu akatoka kikoni kuangalia. Yeye Donat hakucheka.

Sababu mvua iliwapata karibu na Luano, ikafua kioo. Ile ilibaki Constantin akafua na sabuni. Anasema avio yake hailali muchafu. Basi directeur aliuliza nzige iko wapi, na kioo iling'aa sawa ya harusi. Ilibaki tu zile zilikwama mu kinywa ya motere. Donat alizitoa na vidole, akaweka mu kopo. Directeur hakuangalia kopo, alikimbia ku telefone. Ijumaa Donat atajieleza mbele ya watu watatu. Kama hawaamini, watamunyanganya karatasi ya kurusha.

Akaweka kopo juu ya kabati ya kikoni, akalala na viatu.

Mangaribi tulikula muzuri sana. Bukari, njo ugali, na sombe ya majani ya mihogo, na Mama Nkandu alikaanga makanta, ni jina ya nzige kwa Kibemba, na chumvi na pilipili. Nilikula sawa muntu alitoka mu vita. Donat akaongeza mara tatu. Akamuambia mama yake kwamba mwaka huu Kasungami imebarikiwa. Mama Nkandu akaangalia chini, akatabasamu.

Jumatano, 16 Aprili

Sasa ninaandika na ninacheka, na haifai kucheka.

Asubui Donat anauliza kopo yake. Kopo iko pa meza ya vyombo, imefuliwa, imegeuzwa mudomo chini, inakauka.

Tuliangalia kopo sisi bote. Kisha tukamuangalia Mama Nkandu.

Hakuogopa hata kidogo. "Mwana yangu," anasema, "muntu akileta nzige mu kopo, mu kikoni ya mama yake, mama afanye nini? Azisalimie?"

Donat akakaa chini. Akasema polepole: nilikula preuve yangu, ushahidi yangu. Mama yake: na uliongeza mara tatu.

Miye njo nilianza. Nilicheka mupaka nikashika ukuta, Donat akacheka, Mimi akacheka bila kujua sababu, kisha nikaona ninalia, sijui ilibadilika wakati gani. Ni usingizi. Nikifika pale machozi yenyewe inatoka, kila kintu inaifungulia.

Kisha nikapangusa uso. Nikamuuliza Mama Nkandu: mabawa uliitupa wapi? Sababu hakuna mwanamuke wa kwetu atakaanga nzige na mabawa, inakwama mu koo. Unanyofoa mabawa, unanyofoa miguu ya nyuma, njo unatia mu moto. Akasema: nyuma ya kikoni, mu shimo ya taka. Nikakataza mutu kufagia. Nikafunga kuku. Miye na Mimi tulipiga magoti pa ile shimo mupaka saa sita, maganda ya mihogo, majivu, na kuku zinatutukana.

Tulipata mabawa makumi ine na tatu. Mazima. Yale ya ndani ni nyekundu pa shina, sawa ilichovywa mu divai ya misa. Nikatengeneza gundi ya bukari, nikayabandika mawili mawili pa katoni ya shemizi. Mimi aliandika 1 na 2 pa pembe, ni hesabu yote anajua. Ni kazi ya muzuri. Donat aliiangalia sana. Akasema nilimufanyia herbier. Sikuuliza ni nini.

Alhamisi, 17 Aprili

Constantin alipita muchana na kinga yake, baisikeli, akakataa kukaa, akazunguka maneno. Nikamuambia aseme, mutoto ataamuka. Akasema pale ku bureau habari ilibadilika. Muntu wa radio alieleza vile nilikuya Jumanne na vile nilisema. Sasa banasema Donat aligeuka sababu bibi alimuita. Banacheka: ile nzige iko na jina, inaitwa Jeanne, sawa miye.

Nilimuazimia kicheko. Alipoenda sikuweza kupika.

Ni kweli nilisema rudi. Kila muntu alisikia.

Donat alikuwa nyuma ya nyumba anapiga rangi viatu ya kesho. Nilikaa karibu yake na Ngosa. Nikauliza, ni miye? Uligeuka sababu yangu?

Alipiga rangi wakati murefu pa kiatu moja.

"Nilipoona ile moshi nilifurahi," anasema. "Kidogo tu. Nikasema, basi nitarudi nyumbani. Kisha njo niliogopa."

Nikauliza: na kama mutoto hakukuwa na homa? Akasema tangu Jumanne anageuza ile avio mu kichwa. Mara moja anageuka palepale. Mara ingine anapanda juu, anatafuta nafasi, anapita. Hajui tena ile ya kweli.

Sijui bibi wengine wangefanya nini. Miye nilimupa Ngosa amushike, nikachukua burashi, nikamaliza kiatu ya pili. Nikamuambia: kesho hawatauliza ulisikia nini mu moyo, watauliza uliona nini na macho. Eleza ile uliona, yote, bila kupunguza. Ile ingine ni yetu. Lakini kama wananiuliza miye kama nilikuita, nitasema ndiyo. Sitadanganya mbele ya bantu na mutoto mu mikono.

Akasema najua. Akasema njo sababu ninaogopa.

Ijumaa, 18 Aprili

Waliniita kweli. Karatasi: Citoyenne Mwansa, bibi ya pilote. Miaka mitatu tangu serikali ilikataza majina ya ubatizo, bote tukawa citoyen, raia, na bado ninaangalia nyuma kutafuta ni nani.

Chumba kidogo, ventilateur inazunguka bila kutoa upepo. Directeur Mwenze na abacost, koti bila tai, ya kijivu, muntu wa Parti, chama ya serikali, na kalamu, na pilote mukubwa, muzee Edouard, ile njo alimufundisha Donat. Nje wanamuita citoyen na jina ingine, pale ndani alibaki Edouard.

Donat alieleza muzuri, polepole. Akaweka katoni yangu pa meza. Directeur alivaa miwani, akaangalia mabawa, akaangalia ile 1 na 2 ya Mimi. Akasema mabawa ya nzige iko mu kila shamba. Hii inaonyesha nzige iko, haionyeshi iko juu. Huko juu ni baridi, dudu inaenda kutafuta nini? Muzee Edouard akasema yeye alikutana na korongo kwa futi elfu kumi na ine, na hakuna mutu aliamini mupaka mumoja aliingia mu bawa ya avio. Nzige hajaona. Hawezi kusema hapana. Muntu wa Parti hakuandika kintu.

Kisha wakageukia miye. Wakauliza kama Jumanne nilimuambia bwana yangu arudi siku ileile.

"Nilimuambia," nikasema. "Usilale Kalemie, rudi leo. Nilisema kwa nguvu."

Donat aliangalia viatu yake. Ilikuwa inang'aa sana.

Wakauliza tena: na yeye alijibu nini? Nikasema: alijibu avio haiko yake, akapanda. Ngosa akaanza kutafuta kifua, nikamupa, ningefanya nini? Na ile kumunyonyesha ilinipa moyo. Nikauliza bila kuruhusiwa: citoyen directeur, wewe ulikuwa ndani. Uliona nini?

Muzee Edouard alipata kikohozi. Directeur akasema alikuwa anafikiria dossier yake ya kazi. Akafunga karatasi, akafungua tena. Halafu akasema neno moja sikungoja. Jumatatu wataenda Kalemie tena, saa ileile, njia ileile, futi ileile. Yeye atakaa mbele, macho wazi.

"Na citoyenne atakuya na sisi, na mutoto yake," anasema. "Kama sababu ya kurudi iko ndani ya avio, tutaona kama avio itarudi."

Nilisema sawa. Nilisema mbele ya Donat kufungua kinywa. 

Jumamosi, 19 Aprili

Salongo, kazi ya lazima ya bote. Tulifagia avenue nzima, na kila muntu na fagio alinipa salamu juu ya nzige. Wivine, jirani yangu, anasema nitapike mbele ya kupanda, hivi sitakuwa na kintu ya kutapika juu. Simone ya pa kona anauliza kama mutoto mudogo anaweza. Masela wa dispensaire alisema homa imeisha, nimunyonyeshe wakati ya kupanda na wakati ya kushuka, masikio isimuume.

Donat hacheki. Anasema nzige hazingojei commission ya directeur. Kama zilisha kwenda, atapita Kundelungu na mbingu safi, directeur macho wazi, na hakutakuwa tena na kintu ya kueleza. Karatasi imekwisha. Anajua kazi ingine? Hapana. Tangu mutoto anataka hii moja.

Mama Nkandu alinipa mufuko ya nguo. Kama ziko, anasema, usirudi mikono mitupu.

Jumapili, 20 Aprili

Mu misa niliomba nzige. Sijui ni mutakatifu gani anashugulika na ile. Niliponong'oneza Mama Nkandu, alinifinya. Uombe zikae huko huko juu, anasema, zisishuke ku mihogo ya bantu. Nikarekebisha.

Mimi leo hakumuuliza baba yake alikutana na nani. Alikaa tu pa magoti.

Jumatatu, 21 Aprili

Mu avio. Ninaandika juu ya goti, herufi inaruka, samahani daftari.

Niliona Ruashi! Nyumba yetu sawa sanduku ya kiberiti, na shimo ya mine, mugodi ya shaba, karibu, nyekundu, kubwa, sikujua iko kubwa hivi. Wakati ya kuruka tumbo yangu ilibaki chini kidogo, kisha ikatufuata. Ngosa alinyonya, akalala. Hajui kama iko juu. Sauti ya motere inamupendeza kuliko nyimbo zangu.

Kutoka hapa ninaona shingo ya Donat tu, na masikio. Simujui muntu huyu. Mikono yake ku nyumba inaangusha vikombe. Hapa haifanyi kosa.

Directeur iko mbele, ku kuume. Alikuya na gazeti, akaikunja, akaikalia. Anashika kiti na mikono mbili, vidole nyeupe. Sasa ninaelewa ule usingizi wake. Haikuwa usingizi, masikini. Anaogopa mupaka anafunga macho na kujifunika. Na leo alijikataza mwenyewe, mbele ya bantu. Nilitoa kipande ya tangawizi mu kitenge, nikamugusa pa bega. Alipokea bila kugeuka. Anatafuna.

Lufira chini, inapindapinda. Baridi. Donat alionyesha saa ya futi na kidole: elfu kumi na moja. Mbingu safi. Safi kabisa, sawa sahani. Sijawahi kuchukia mbingu ya muzuri.

Kundelungu mbele. Hakuna kintu. Directeur anapumua sasa, alisema njia ni nyeupe leo, na sauti yake ilikuwa ya furaha na pia ya kuhukumu. Sikio moja ya Donat imekuwa nyekundu.

Korongo.

Miye njo niliwaona wa kwanza, mukono ya kushoto. Moja. Kisha wengi, juu yetu, miguu nyuma. Karibu sana, niliona jicho ya mumoja. Walituangalia, wakarudi ku kazi yao. Wanakula.

Na nyuma yao iko. Sikuwaza kama itakuwa muzuri. Si moshi, ni sawa muntu anapepeta bulezi nyekundu mbele ya jua, kutoka mulima mupaka huko sioni. Inang'aa, inazima, inang'aa. Directeur alisema "Mungu yangu" kwa Kiswahili, hakutafuta Kifaransa.

Nilipenda kupiga makofi. Donat hakufurahi, ninaona ku mabega. Anaangalia juu, anaangalia saa ya motere. Akasema, sauti ya kazi: leo ninaona mwisho yake, citoyen directeur. Nikipanda futi elfu mbili pengine tutapita juu yake. Pengine. Ao tugeuke sasa. Tuko na dakika mbili ao tatu.

Kwa hiyo Jumanne ilikuwa kweli, na hata hivyo pengine kulikuwa na njia. Bote babili banajua hii sasa. Miye pia.

Directeur akageuka, kiti ikalia, mara ya kwanza ananiangalia leo, jasho pa mudomo ya juu, na tangawizi mu shavu.

"Citoyenne," anasema, "wewe unasema nini?"

Donat hajageuka. Lakini aliacha kugusa kila kintu, anasikiliza na mugongo.

Ya kwanza imepiga kioo. Tak. Ngosa amefungua macho. Ninamufunga pa kifua na kitenge, mafundo mawili, na directeur anangoja. Nitamuambia ile Donat aliniambia: avio haiko yangu, pilote njo anajua.